Kazi ya IT wape watu wa nje, funguo baki nazo

Swali la nani atunze kompyuta za biashara yako kwa kawaida huja siku mambo yameshaharibika. Printa ya ghala haitoi hati ya kutolea mzigo, mhasibu hawezi kufungua programu ya hesabu, wateja wamejaa kaunta, na yule kijana aliyezoeleka kuja kutengeneza hapokei simu. Hapo mwenye biashara anajiuliza: niajiri mtu wa IT wa kudumu, au niingie mkataba na kampuni ya nje? Likiulizwa hivyo swali halipati jibu zuri, maana limefunga katika furushi moja kazi ambazo hazifanani hata kidogo.

Tulifungue furushi hilo kwa mfano. Tuseme una duka la jumla Kariakoo na ghala Vingunguti: wafanyakazi 35, kompyuta 25, seva moja ya programu ya hesabu na stoo, barua pepe zenye jina la kampuni, ruta, swichi, kamera za ulinzi na mashine za EFD za kutolea risiti za kodi. Kuna kazi ya kila siku: mtu kasahau nywila, printa imegoma, kompyuta imekuwa nzito. Hii haihitaji utaalamu mkubwa, inataka mtu apatikane haraka. Kuna matengenezo yasiyoonekana: masasisho ya Windows, antivairasi, bekapu, kukagua nafasi kwenye diski, kubadilisha betri za UPS ambazo nyingi huchoka baada ya miaka 3 hadi 5. Kazi hii ikifanywa vizuri hakuna anayeiona, na ndiyo maana huachwa. Kuna utaalamu mzito unaohitajika mara chache kwa mwaka, kama kuhamisha seva, kupanga firewall (kizuizi kinacholinda mtandao dhidi ya wavamizi) au kuunganisha tawi jipya. Kisha kuna maamuzi: nani aone taarifa gani, tununue nini, tunaweza kuvumilia kukaa saa ngapi bila mfumo. Na mwisho kuna funguo, yaani akaunti kuu zinazomiliki kila kitu.

Kazi tatu za kwanza unaweza kuwapa watu wa nje bila wasiwasi, ukijua unachonunua. Mbili za mwisho usimpe mtu yeyote wa nje, hata awe mwaminifu kiasi gani. Biashara nyingi hufanya kinyume chake: hupigania bei ya kazi za kila siku, halafu hukabidhi funguo zote bila hata kuandikiana karatasi.

Hesabu ya mtu mmoja

Wiki ina saa 168. Sheria ya kazi ya Tanzania inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki, kwa hiyo mwajiriwa mmoja anakuwepo kama robo tu ya muda ambao seva yako inawaka. Ana haki ya likizo ya siku 28 kwa mwaka, ataumwa, atafiwa, na siku moja atapata kazi nyingine. Mbaya zaidi, mtu mmoja hawezi kujua kila kitu. Aliye hodari kwenye printa na Windows mara nyingi hajui firewall, na anayejua firewall atachoka kubadilisha wino na ataondoka.

Kwa fedha, mshahara wa shilingi 1,500,000 kwa mwezi unamgharimu mwajiri zaidi ya hapo: 150,000 za mchango wake wa NSSF, 7,500 za mfuko wa fidia wa WCF, na tozo ya kuendeleza ujuzi kama una wafanyakazi 10 au zaidi. Hapo hujamnunulia laptopu wala kumpeleka mafunzo. Mkataba wa nje wa shilingi 1,500,000 hizo hizo nao una yake. VAT ya 18% Tanzania Bara inaongeza 270,000, ambazo huzirudishi kama biashara yako haijasajiliwa kwa VAT. Pia unapaswa kukata kodi ya zuio ya 5% kwenye malipo ya huduma, yaani 75,000, na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Ukisahau kuikata, ukaguzi ukija utadaiwa wewe.

Kwa hiyo bei peke yake haiamui. Chini ya kompyuta 10 hivi, kuajiri ni kumlipa mtu akae tu. Kati ya 15 na 60, mkataba wa nje ukiwa na msimamizi makini ndani ndio unaoleta thamani zaidi. Ukivuka hapo, ajiri mtu mmoja wa kushughulikia watu na mashine za kila siku, na utaalamu mzito uendelee kuununua nje. Mipaka hii inategemea aina ya biashara: kiwanda chenye kompyuta 12 zinazoendesha mashine usiku kucha kinahitaji mtu wa karibu kuliko ofisi ya mawakili yenye 30.

Saa 4 za nani?

Sasa tuseme umeamua kukodi. Mkataba utaandikwa "tatizo litashughulikiwa ndani ya saa 4". Sentensi hiyo ina mitego mitatu.

Kwanza, "kushughulikiwa" ni nini? Kampuni nyingi huhesabu muda wa kujibu: wakikuandikia "tumepokea tatizo lako", wametimiza ahadi. Wewe unataka muda wa kutatua, au walau muda wa mtu kufika. Dai vyote viwili viandikwe, kila kimoja na namba yake.

Pili, ni saa za saa ngapi? Mkataba ukisema saa 4 za kazi, na saa za kazi za kampuni ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, piga hesabu. Seva inazima Ijumaa saa 9 alasiri. Hadi saa 11 jioni zimepita saa 2. Mbili zilizobaki zinaanza kuhesabiwa Jumatatu asubuhi, na ahadi inatimia Jumatatu saa 4. Wamekaa ndani ya mkataba, na wewe umepoteza Jumamosi, siku ambayo duka la jumla huuza sana. Kwa hiyo andika saa zako wewe za biashara, ikiwemo Jumamosi, na usaini hizo. Kama mkataba ni wa Kiswahili, andika "muda wa saa nne tangu taarifa ilipotolewa", maana "saa nne" tupu inaweza kusomwa kama wakati wa asubuhi.

Tatu, matatizo hayalingani. Panga ngazi, tatu zinatosha: biashara imesimama yote, idara moja imesimama, mtu mmoja anasumbuka. Kwa ngazi ya kwanza, kujibu ndani ya dakika 15 kwa simu na mtu kufika ndani ya saa 2 ni dai la haki ndani ya jiji, mradi ujue fundi anatokea wapi. Kampuni yenye ofisi Mbezi haiwezi kuahidi kufika Vingunguti kwa dakika 30 jioni ya Ijumaa, na ikikuahidi hivyo usiisaini.

Asilimia nazo zisikubabaishe. Huduma ya "99%" kwa mwezi wa siku 30 inaruhusu kuzima kwa saa 7 na dakika 12. Ya "99.9%" inaruhusu dakika 43. Tofauti hiyo ndogo ya tarakimu ni karibu siku nzima ya kazi.

Kisha soma orodha ya yasiyohusika, ukurasa ambao wengi huuruka. Mara nyingi utakuta printa, kamera, usafiri wa kwenda tawini na kufunga kompyuta mpya vinalipiwa pembeni. Mashine za EFD karibu kila mara zitakuwa humo, na hapo kampuni iko sahihi: hizo hushughulikiwa na msambazaji aliyeidhinishwa na TRA, fundi wa kawaida hana ruhusa ya kuzifungua. Mkataba unaodai kugusa "vifaa vyote" bila kulitaja hilo umeandikwa na mtu asiyejua kazi, au anayekubembeleza tu.

Printa iliyotengenezwa mara sita

Namna ya kulipa inaamua namna utakavyohudumiwa. Fundi anayelipwa kwa kila safari anapata riziki mashine zikiharibika. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini hakuna kinachomsukuma kutafuta chanzo.

Tazama tatizo moja la kila siku. Umeme unakatika, unarudi, na printa ya ghala inakataa kuchapa. Fundi anakuja, anaifuta kwenye kompyuta, anaisajili upya, inachapa, analipwa. Wiki mbili baadaye umeme unakatika tena, na hadithi ni ile ile. Kinachotokea ni kwamba ruta huigawia printa anwani ya mtandao kila inapowaka. Baada ya kukatika kwa umeme printa inapewa anwani nyingine, wakati kompyuta bado zinaitafuta kwenye anwani ya zamani. Dawa ni kuingia kwenye ruta na kuifungia printa anwani moja isiyobadilika, kisha kompyuta zote zielekezwe hapo. Ni kazi ya dakika 10, na tatizo halirudi.

Malipo ya mwezi kwa kila kompyuta hugeuza mambo: kampuni inafaidika mkiwa kimya, hivyo ina sababu ya kuifunga ile anwani. Hatari yake ni kwamba ukimya unaweza pia kuwa uzembe. Ndiyo maana malipo ya mwezi lazima yaambatane na ripoti ya mwezi, ukurasa mmoja tu: kompyuta zipi hazijasasishwa, bekapu zipi zilishindwa na lini, diski zipi zinakaribia kujaa, na matatizo yapi yamejirudia. Tatizo likionekana mara ya tatu, uliza chanzo na udai jibu la maandishi.

Funguo

Anza na kikoa, yaani lile jina lenye .co.tz mwishoni mwa barua pepe zako. Mara nyingi kijana aliyetengeneza tovuti ndiye aliyelisajili, kwa jina lake na kwa barua pepe yake ya Gmail. Kisheria na kimfumo mwenye jina hilo ni yeye. Akigombana na wewe, au akisahau kulipia mwaka, barua pepe za kampuni nzima zinakufa siku moja, na wateja wanaotuma oda wanarudishiwa ujumbe kwamba anwani haipo. Kagua leo: tafuta huduma ya WHOIS, inayoonyesha kikoa kimesajiliwa kwa jina la nani, andika kikoa chako, soma sehemu ya msajiliwa. Kama halijaandikwa jina la kampuni yako, liandikishwe sasa wakati bado mnaelewana. Na usiweke anwani ya kikoa hicho hicho kuwa anwani pekee ya mawasiliano, kwa sababu kikoa kikisimama, hata barua ya kukukumbusha kulipa haitakufikia.

Kinachofuata ni akaunti kuu za barua pepe, iwe Microsoft 365 au Google Workspace. Kampuni ipewe akaunti yake ya usimamizi yenye jina la mtu, na wewe ubaki na akaunti mbili kuu ambazo hakuna mwingine anayezijua. Chapa nywila na namba za dharura, tia kwenye bahasha, piga muhuri, weka kwenye sefu. Kila miezi 6 ifungue, jaribu kuingia, badilisha nywila, funga bahasha mpya. Bahasha ambayo haijawahi kujaribiwa mara nyingi ina nywila ya mwaka juzi.

Halafu kuna funguo ambazo watu hawajui kama zipo. Kompyuta nyingi za Windows za ofisini zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalolinda data za diski, na zikipata hitilafu zinadai namba ya tarakimu 48 kabla ya kuwaka. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa na Microsoft kufikia milioni 8.5 duniani. Nyingi hazikuweza kutengenezwa kutoka mbali: ilibidi mtu asimame mbele ya mashine, aingie kwenye hali ya dharura na kufuta faili, na pale penye BitLocker hakuna kilichoendelea bila zile tarakimu. Uliza zako ziko wapi. Kama jibu ni "kwenye mfumo wetu", omba nakala.

Vivyo hivyo nywila ya ruta, ya kinasa picha cha kamera, ya seva, pamoja na leseni zote za programu. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari hili liwe kwako: kifaa, namba yake, kilipo, kilinunuliwa lini, nani ana uwezo wa kukiingia.

Mlango wa nyuma wa fundi

Kampuni ya nje huingia kwenye kompyuta zako kwa programu za kudhibiti kutoka mbali. Zinaokoa safari nyingi, ila ni mlango. Tarehe 2 Julai 2021 wahalifu walitumia udhaifu kwenye programu ya Kaseya, inayotumiwa na kampuni za huduma za IT, wakafunga mafaili na kudai fidia. Kampuni za huduma zilizoguswa moja kwa moja, kwa hesabu ya Kaseya, hazikufika 60, lakini biashara za wateja wao zilizodhurika zilikaribia 1,500. Huko Sweden, maduka ya Coop yapatayo 800 yalifungwa kwa sababu mashine za malipo zilisimama. Maduka hayo hayakuwa wateja wa Kaseya. Yalifikiwa kupitia kwa kampuni iliyoyahudumia.

Kwa hiyo uliza maswali ya moja kwa moja. Je, kila fundi ana akaunti yake, au wote wanatumia nywila moja? Je, kuingia kunahitaji uthibitisho wa pili kwenye simu? Je, nywila ya AnyDesk (moja ya programu hizo za mbali) iliyowekwa kwenye seva yangu ndiyo hiyo hiyo iliyowekwa kwa wateja wengine? Hili la mwisho ni la kawaida mno, na mtu mmoja akifukuzwa kazi huko, anaondoka na ufunguo wa wateja wote.

Msaada wa mbali una udhaifu mwingine: unahitaji intaneti, na intaneti ndiyo inayokatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na mtandao ukadhoofika Tanzania na nchi jirani. Laini ya pili kutoka kampuni nyingine ya simu husaidia fiber ikikatwa na wachimba barabara, lakini haikusaidii sana kama laini zote mbili zinategemea waya mmoja baharini. Programu ya mauzo iweze kuuza bila intaneti, na ghalani awepo mtu mmoja aliyefundishwa kuzima na kuwasha vifaa kwa mpangilio: kisanduku cha fiber, kisha ruta, kisha swichi, akisubiri dakika 2 kati ya kimoja na kingine.

Bekapu ipimwe kwa kurudishwa

"Bekapu zipo" ni sentensi isiyo na maana mpaka faili lirudi. Diski ya nje iliyochomekwa kwenye seva mwaka mzima ikikutana na programu hasidi inayofunga mafaili, inafungwa pamoja na seva. Kanuni ya zamani bado ni nzuri: nakala 3, kwenye aina 2 za hifadhi, 1 iwe nje ya jengo. Ongeza kwamba moja iwe imechomolewa.

Kila miezi 3 mpe mhasibu, si kampuni, achague tarehe ya wiki tatu zilizopita. Kampuni irudishe data ya siku hiyo kwenye kompyuta tofauti, mhasibu aifungue na kulinganisha salio la stoo na ripoti iliyochapwa wakati ule. Pima muda. Kama bekapu iko mtandaoni tu na ina terabaiti 1, kwa laini ya Mbps 20 isiyoyumba itachukua saa 111 kushuka, yaani zaidi ya siku 4 na nusu. Wengi huligundua hilo seva ikiwa imekufa.

Sheria nayo haikuruhusu kusukuma lawama nje. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inamtambua mkusanyaji wa taarifa na mchakataji anayezishughulikia kwa niaba yake. Taarifa za wateja wako zikivuja kwa fundi, aliyezikusanya ni wewe. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2019, taarifa zikivuja Kamishna wa data anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72, na mchakataji amjulishe aliyempa kazi hiyo ndani ya saa 48 inapowezekana. Hata kama uko Dar es Salaam, saa hizo 48 ni kipimo kizuri cha kuweka kwenye mkataba.

Siku ya kuachana

Andikeni talaka kabla ya ndoa: taarifa ya siku 60 au 90, na makabidhiano ya daftari, michoro ya mtandao na nywila ndani ya siku 10 tangu taarifa itolewe, iwe mna deni la kubishania au hamna. Mkiachana, badilisha funguo siku hiyo hiyo na kwa mpangilio, kwa sababu akaunti moja hufungua nyingine. Anza na barua pepe inayopokea ujumbe wa kurejesha nywila. Kisha kikoa. Kisha akaunti kuu za Microsoft au Google, ukiondoa pia kampuni kwenye orodha ya washirika wenye ruhusa, maana kubadilisha nywila yako hakuifuti ruhusa yao. Halafu ondoa programu za kudhibiti kutoka mbali kwenye kila kompyuta, moja baada ya nyingine, ndipo uje kwenye ruta, seva, hifadhi ya bekapu na Wi-Fi.

Vinavyosahaulika ni kinasa picha cha kamera na mashine ya alama za vidole ya mahudhurio. Vyote viwili vina nywila, mara nyingi vimeunganishwa na simu ya fundi, na ataendelea kuliona ghala lako akiwa nyumbani kwake mpaka mtu akumbuke kuingia humo na kulifuta jina lake.